Nimeona tembo wamesimama kwenye mifupa ya mwenzao Mikumi. Wale wanaomboleza au vipi?

#1 Kariakoo Spea
Wakuu, habari za jioni.

Jumamosi iliyopita mimi, mke wangu na watoto wawili tulipanda SGR ya asubuhi mpaka Morogoro, tukakodi gari mpaka Mikumi. Nimezaliwa Ilala, nina miaka 41, na tembo niliokuwa nawajua ni wale wa dirisha la basi: unaona mgongo wa kijivu kwenye majani, ukimwamsha wa siti ya pembeni mmeshapita. Safari hii tuliingia ndani kabisa, upande wa mbuga ya Mkata.

Saa nne hivi muongozaji akazima gari. Mbele yetu kama mita 30 walikuwa wanapita tembo tisa, wakubwa kwa watoto, mwendo wao wa kawaida. Ghafla yule wa mbele akasimama, na wote wakasimama. Nilidhani wametuona sisi. Kumbe pale chini kuna mifupa: fuvu limelala ubavu, taya, mbavu chache zimepauka kwa jua. Muongozaji akatuambia ni mwenzao, alikufa kiangazi cha mwaka jana.

Yule jike mkubwa akanyoosha mkonga akaupitisha juu ya fuvu polepole, akawa anaingiza ile ncha kwenye matundu, kama mtu anayepapasa uso wa mwenzake gizani. Akaligeukia taya, akalibinua, akaliinua kidogo, akaliweka. Mwingine akageuka akarudi kinyumenyume, akawa anagusa mfupa kwa unyayo wa mguu wa nyuma, anagusa na kuachia, anagusa na kuachia. Kitoto kimoja kilitaka kupita katikati kikarudishwa kwa mkonga. Hakuna aliyekula jani wala aliyepiga kelele. Dakika kama 20 hivi.

Binti yangu wa miaka saba akaninong'oneza, "Baba, wamekuja kaburini?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Naombeni mnisaidie. Wale wanaomboleza kweli au kuna sababu nyingine? Na wewe mnyama gani ulimwona kwa macho yako, porini au kwenye bustani ya wanyama, hajakutoka kichwani? Nawasilisha.

#2 Upanga Mjini
Nimekaa siti ya mbele. Picha tafadhali.

#3 Binti Mbagala
Kaka umenitoa machozi na hilo swali la mtoto. Wanaomboleza, hakuna kingine. Mnyama ana moyo.

#4 Kitonga Dereva
Mkuu, mimi njia ya Tunduma naipiga mwaka wa 14 huu. Zile kilomita 50 zinazokatiza hifadhi nazijua matuta yake yote, na lile bango la faini za kugonga wanyama nimelikariri. Nakuambia ukweli: wale wanatafuta chumvi. Nimewahi kumwona twiga kwa macho yangu, saa kumi na mbili asubuhi, ana mfupa mdomoni anautafuna huku mate yanamtiririka. Twiga huyo huyo anayekula majani! Nilisimamisha lori pembeni nikidhani naota. Mifupa ina madini, mnyama akikosa madini kwenye majani anayafuata kwenye mfupa. Tembo naye ni hivyo hivyo.

#5 Ticha Mstaafu
Nimefundisha baiolojia miaka 31, niseme kidogo.

Kitonga, ulichokiona kwa twiga ni sahihi na wala hukuota. Twiga hutafuna mifupa kupata kalisi na fosforasi. Lakini tembo akitaka chumvi huchimba udongo, anakwangua kwa pembe na kula. Isitoshe, aliyeleta mada anasema waligusa tu. Hawakutafuna.

Kuna jaribio lilifanywa Amboseli, Kenya, likachapishwa 2006. Watafiti waliwawekea tembo mafuvu matatu njiani: la tembo, la nyati na la kifaru. Wakakaa zaidi kwenye la tembo. Mara nyingine wakawawekea fuvu la tembo, kipande cha pembe ya ndovu na kipande cha mti, na pembe ndiyo iliyowavuta kuliko vyote. Kwa hiyo kwamba wanawatambua wafu wa jamii yao, hilo halina ubishi. Ila, Binti Mbagala mwanangu, kuna la tatu. Koo zilizofiwa na bibi yao kiongozi ziliwekewa fuvu lake pamoja na mafuvu ya viongozi wa koo nyingine. Hazikuonyesha kulipendelea la kwao. Sasa ukisema wanakwenda kumlilia ndugu yao mahususi, ushahidi huo haukusaidii.

#6 Binti Mbagala
Shikamoo ticha. Fuvu limekaa juani miezi na miezi, hata mimi nisingemtambua ndugu yangu kwa fuvu. Haimaanishi simlilii.

#7 Ticha Mstaafu
Marahaba. Hapo umenikamata, nalifikiria.

#8 Mgogo wa Kongwa
Mnabishana mambo ambayo sisi wafugaji tunaishi nayo. Kwetu Kongwa ng'ombe akichinjwa karibu na zizi, wenzake wakirudi jioni kutoka malishoni wakafika pale damu ilipomwagika, hawapiti. Wanasimama, wananusa ardhi, wanaparura mchanga kwa kwato, na wanatoa sauti ambayo siku nyingine huisikii, nzito, inatoka tumboni. Hata ndama waliokuwa wanakimbilia kunyonya wanatulia. Babu alikuwa anatutuma watoto tukafukie ile damu na majivu kabla ng'ombe hawajarudi, anasema "msiwatese." Sijawahi kumsikia babu akijadili kama ng'ombe wana moyo au hawana. Alitoa majivu tu.

#9 Upanga Mjini
#8 umeandika vizuri mno. Lakini hiyo si harufu ya damu inayowatisha? Hofu ya kwamba kuna simba au mchinjaji? Hofu na msiba ni vitu viwili.

#10 Mgogo wa Kongwa
Mwenye hofu anakimbia, mkuu. Wale wanasogea.

#11 Kitonga Dereva
Wazee walituambia tembo wana makaburi yao, akizeeka anajua anaenda kufia huko. Labda Kariakoo Spea alifika penyewe.

#12 Ticha Mstaafu
Hiyo si kweli, Kitonga, ingawa chanzo chake kipo. Tembo hupata seti sita za magego maishani mwake. Ya mwisho yakisagika hawezi tena kutafuna magome na vijiti, anahamia kwenye majani laini, mabwawani na kando ya mito. Anafia huko, na wazee wengine nao wanafia huko huko. Mifupa inarundikana, watu wanasema makaburi. Huyo ambaye Kariakoo Spea aliiona mifupa yake alikufa na umri gani? Lile taya meno yake yakoje?

#13 Kariakoo Spea
Ticha, muongozaji alisema jike wa makamo. Meno sikuyatazama, nilikuwa natazama mikonga.

#14 Mnyama Damu
Uzi mzima mnamsifia tembo wakati Mnyama mwenye nchi anajulikana 🦁

#15 Mama Eliya
Wananchi tupo hapa tunasoma kwa utulivu, usituvurugie 😀

Lakini kwa kuwa umemtaja simba, wa kwanza kumwona mimi ni wa Sabasaba, banda la Maliasili. Baba alinibeba mabegani kwa sababu watu walikuwa wamejaa hadi huwezi kugeuka. Simba alikuwa amelala. Watu wanapiga makofi, wanapiga miluzi, hashughuliki nao. Halafu akafumbua macho, yale macho ya rangi ya asali, akanitazama. Najua mtasema alikuwa anatazama umati, lakini niliona ananitazama mimi. Akapiga miayo, nikaona ulimi una miiba miiba kama mbuzi ya nazi. Nimeenda Ngorongoro ukubwani nikaona simba 11 siku moja, na bado nikifumba macho anayekuja ni yule wa Sabasaba.

#16 Upanga Mjini
Hapo ndipo naona uchungu, dada. Kumfungia mnyama ili watoto wafurahi. Mimi bustani za wanyama siendi na watoto wangu siwapeleki.

#17 Mlimani Maabara
@Upanga Mjini nakuelewa, ila nikupe upande mwingine.

Mnawakumbuka vyura wa Kihansi, kule milima ya Udzungwa? Walikuja kutambuliwa 1996, kwenye lile bonde dogo lenye manyunyu ya maporomoko, na hawapatikani kwingine kokote duniani. Bwawa la umeme lilipoanza kazi, maji yakapungua, manyunyu yakapotea. Mwaka 2000 wakachukuliwa vyura 499 wakapelekwa bustani za wanyama Marekani. Kule porini wakaja kuisha wote, 2009 ikatangazwa kwamba hawapo tena. Wale wa kwenye vioo ndio pekee waliobaki duniani! 2010 vyura 100 wakarudi nyumbani, wakafikia hapa hapa Dar, Chuo Kikuu Mlimani, kwenye chumba kilichotengenezewa manyunyu, na kuanzia 2012 wakaanza kurudishwa Kihansi.

Mimi niliwaona pale Mlimani. Chura mzima anakaa juu ya kucha ya kidole gumba, rangi ya manjano kama ndizi mbivu, ngozi nyembamba mpaka unaona giza la matumbo yake. Na hawa hawatagi, wanazaa watoto hai. Niliona kitoto kimekaa kwenye jani, kidogo kuliko punje ya mchele, kinapumua. Watu walikuwa wanauliza nchi maskini inahangaikaje na vyura. Mimi nilisimama pale na koti la maabara, miwani imejaa ukungu, nikashukuru kuna mtu aliyewabeba kwenye maboksi.

#18 Upanga Mjini
Asante. Hilo la vyura nilikuwa nalijua nusu nusu kama kichekesho cha siasa. Kwa hao sina ubishi. Kwa simba bado ninao.

#19 Muongoza Watalii Moro
Salaam wakuu. Nimeletewa huu uzi kwenye kundi letu la waongozaji. Nipo Mikumi na Nyerere mwaka wa tisa.

Faru Fausta wa Ngorongoro mnamkumbuka? Mara ya kwanza kuonekana ilikuwa 1965, alionwa na mwanasayansi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwa na miaka kati ya mitatu na minne. Akaishi huru mpaka uzeeni. 2016 akawekwa kwenye uzio kwa sababu macho yalikuwa yanamwisha na fisi walishaanza kumjeruhi. Akafa 27 Desemba 2019, ana miaka 57. Bila ule uzio fisi wangemmaliza mapema. Kwa hiyo hata suala la kufungia lina wakati wake.

Sasa tembo. Nyie mnazungumzia moyo na harufu, mimi nazungumzia historia yao. Selous 1976 walihesabiwa kama 109,000. Mwaka 2013 walibaki kama 13,000. Ujangili haukuua tu idadi. Ulianza na wenye pembe kubwa, yaani wazee, yaani mabibi wanaojua maji yako wapi mwaka wa ukame. Hapa hapa Mikumi watafiti walipima homoni za msongo kwenye kinyesi cha tembo, matokeo yakatoka 2008. Majike walioishi kwenye vikundi visivyo na bibi mzee wala ndugu wa karibu walikuwa na msongo zaidi na walizaa kidogo zaidi. Na ujangili huo wa Mikumi ulikuwa wa kabla ya biashara ya pembe kupigwa marufuku 1989! Karibu miaka 20 baadaye, kinyesi bado kinasema.

Kwa hiyo mtu akiniuliza kama tembo wa Mikumi wanajua maana ya kufiwa, namwonyesha hilo, simwonyeshi mifupa.

#20 Ticha Mstaafu
Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote mpaka sasa. Lakini kijana wangu, msongo wa kuishi bila kiongozi si lazima uwe majonzi. Waweza kuwa taabu ya kutojua pa kwenda.

#21 Binti Mbagala
Ticha, kufiwa na mama ndiyo huko huko kutojua pa kwenda.

#22 Nahodha wa Kunduchi
Jamani pwani mmetusahau.

Tulikuwa tunarudi upande wa Mbudya, kusi limelegea. Tukaona pomboo jike anasukuma kitu kwa pua. Tulidhani anacheza na boya. Tulipokaribia ni mtoto wake, mfu, ngozi imeanza kuchubuka. Anamnyanyua juu ya maji, anateleza, anazama, anamfuata chini, anamleta tena juu. Pomboo wengine wanne wapo nyuma yake, hawamsaidii na hawamwachi. Nikazima mashine. Vijana wangu ambao mdomo hauwakauki hawakusema neno. Tulikaa pale mpaka jua likawa kali, tukawaacha bado wanaendelea.

Baharia mwenzangu, mtu wa dini, akasema yule anadhani mwanawe yu hai, kwa sababu mtoto wa pomboo akizaliwa mama humpandisha juu avute pumzi ya kwanza. Kwa hiyo anafanya kazi ya uzazi, hajui ni msiba. Huenda. Mimi na mke wangu tuliwahi kupoteza mtoto siku ya tatu, na mke wangu alikuwa anamfunika asipate baridi. Alikuwa anajua.

#23 Mama Eliya
Poleni sana nahodha. Mungu awatie nguvu.

#24 Mlimani Maabara
Pole sana mzee. Nyongeza kwenye hilo: 2018 kwenye pwani ya Marekani na Canada nyangumi wa aina ya oka, wale weusi wenye mabaka meupe, alibeba mtoto wake aliyekufa siku 17, zaidi ya kilomita 1,600. Siku 17 ni nyingi mno kwa mtu kusema amekosea tu.

#25 Kisiju Pwani
Mimi wangu ni papa potwe, Kilindoni Mafia, mwezi wa 12. Mrefu kuliko boti letu, mdomo wazi kama mlango wa gereji, na anakula vijidudu vya baharini tu. Alipita chini ya miguu yangu, nikahesabu madoa yake mpaka nikachoka. Hana majonzi wala hasira. Anayetaka kwenda, msimu ni Oktoba mpaka Machi.

#26 Mtoto wa Tazara
Kwa asiye na hela ya hifadhi, panda treni ya TAZARA ukae dirishani kati ya Fuga na Kisaki, mchana usilale. Niliona twiga saba wamesimama kutazama treni, vichwa vyote vinageuka pamoja behewa kwa behewa. Nikajiuliza nani anatalii nani.

#27 Muongoza Watalii Moro
Tukirudi kwenye "mnyama ana moyo." Julai 2017, Ndutu kule Ngorongoro, simba jike aliyeitwa Nosikitok alipigwa picha ananyonyesha mtoto wa chui. Chui na simba ni maadui, simba akikuta watoto wa chui anawaua. Wengi wakasema huruma. Wataalamu wakasema alikuwa amezaa wiki chache tu nyuma, ana maziwa, homoni zimepanda, mtoto wa chui ana umri sawa na wa kwake. Mimi naona maelezo yote mawili yanaweza kukaa mahali pamoja. Mama yangu naye alininyonyesha kwa homoni.

#28 Upanga Mjini
Hapana, hapo mnaruka hatua. Kama kila kitu ni homoni na harufu, basi hakuna huzuni hata kwetu. Kama kila kitu ni huzuni, basi hata kuku anayerudi kunusa manyoya ya mwenzake anaomboleza. Mstari uko wapi?

#29 Ticha Mstaafu
Tembo ana jeni kama 2,000 za kunusa, zaidi ya mara mbili ya mbwa. Kwake kunusa ndiko kuona. Naanza kuamini ulimwengu wake wa wafu uko kwenye harufu, na sisi tunauliza maswali ya watu wa macho.

#30 Binti Mbagala
Mama alifariki 2021. Kanga yake moja sijaifua mpaka leo, nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni ndani ya sanduku. Kila mwaka siku yake nafungua, nanusa, nafunga haraka isiishe. Kwa hiyo mkisema tembo "wananusa tu," hilo "tu" ndilo linalonisumbua.

#31 Mgogo wa Kongwa
Nakazia.

#32 Kitonga Dereva
Nimesoma yote, dada. Chumvi naiondoa. Sijui naweka nini badala yake, ila chumvi naiondoa.

#33 Mgogo wa Kongwa
@Kariakoo Spea nina swali. Unasema hawakupiga kelele. Hakuna sauti yoyote kabisa? Hata ya chini?

#34 Kariakoo Spea
Samahani kwa kupotea, duka lilikuwa na mzigo. Nimesoma kila posti, na jana usiku nilimsomea mke wangu ile ya nahodha.

Mgogo, sauti haikuwepo. Lakini umeniuliza nikakumbuka: nilikuwa nimeegemeza mkono kwenye mlango wa gari, na bati lilikuwa linatetemeka kidogo sana, kama lori linaunguruma mbali. Injini ilikuwa imezimwa. Nikadhani ni barabara kuu. Lakini tulikuwa mbali nayo.

#35 Muongoza Watalii Moro
Ni wao. Wana ngurumo ya chini ambayo sikio la binadamu halifikii, unaisikia kifuani au kwenye bati. Walikuwa wanazungumza muda wote huo.

#36 Mgogo wa Kongwa
Inatoka tumboni. Nilijua.

#37 Kariakoo Spea
Walikuwa wanasema nini?

#38 Muongoza Watalii Moro
Laiti ningejua, kaka.

Ila Alhamisi nilipita pale na wageni. Fuvu lipo, mbavu zipo. Taya halipo. Nilizunguka na gari nikalikuta kama hatua 40 kutoka pale, chini ya mgunga, limewekwa wima. Fisi wanaweza kuburuta, ingawa sikuona alama za meno yao. Nyayo sikuziona pia, mvua ya Jumatano ilikuwa imefuta zote.